Doa Jeupe Lisilofutika Mdomoni

Doa jeupe ndani ya shavu au pembeni mwa ulimi aghalabu haliumi, na kisichouma hupuuzwa. Tabibu hulifuta kwa kitambaa safi. Utando wa fangasi hutoka. Doa la kutiliwa shaka hung'ang'ania. Likiwa na wekundu, hatari huzidi. Watafunaji wa tambuu na tumbaku wawe macho: tangu 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeitambua popoo inayotafunwa na tambuu, hata bila tumbaku, kuwa kisababishi cha saratani.

Hata hivyo, madoa meupe mengi hayageuki saratani. Ili kujua lipi litageuka, hukatwa kinyama kwa ganzi, kikahifadhiwa katika fomalini, kikagandishwa ndani ya nta na kutazamwa kwa hadubini. Vurugu ya seli ikiishia tabaka za chini, mabadiliko ni madogo. Ikipanda hadi juu, ni makali. Lakini wataalamu wawili huweza kukitazama kinyama kilekile wakatofautiana.

Hapo ndipo viashiria vya seli husaidia. Ki-67, iliyoelezwa mwaka 1983 na watafiti wa Kiel, Ujerumani, ni protini ya seli zinazojigawa. Kingamwili maalumu huipaka rangi ya kahawia. Katika mdomo wenye afya rangi hiyo hukaa tabaka za chini, zinakozaliwa seli mpya. Ikitapakaa juu, seli zinaongezeka pasipo mpango. Protini ya p53 nayo huizuia seli yenye DNA iliyoharibika isijigawe. Jeni lake likiharibika, mara nyingi protini mbovu hurundikana na rangi hukolea. Wakati mwingine hutoweka kabisa, hivyo kukosekana kwa rangi si dalili ya usalama. Hakuna kiashiria kimoja kinachotosha; husomwa pamoja na umbo la seli.

Kaskazini mwa Cabo Delgado, Msumbiji, vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vimebomoa vituo vya afya na kuwatawanya watu. Mgonjwa wa Palma, mji wa huko, hawezi kufuata kila kipimo cha aina hii Maputo, mji mkuu, zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara. Kinyama chake kinaweza kufika, kwani kikishaingia kwenye nta hakiozi. Kinachotakiwa ni mkono uliofundishwa kukata, na fomalini yenye ujazo mara kumi ya kinyama. Doa au kidonda kikipita wiki mbili bila kupona, nenda ukaonwe. Usingoje maumivu.