Salfa na Ufuta Chini ya Paa Moja

Kuanzia Juni, ghala la chama cha msingi lenye chumba kimoja, liwe Nachingwea au Ruangwa, linaweza kujikuta na vitu viwili visivyopaswa kulala pamoja. Upande mmoja yamepangwa magunia ya ufuta yanayosubiri mnada wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Upande wa pili vimerundikwa viroba vya kilo 25 vya salfa ya unga, pembejeo ya mikorosho. Ufuta ukiondoka zinaingia mbaazi, na mbaazi zikipungua korosho mpya nazo zinabisha hodi. Salfa iliyobaki haina pa kwenda.

Mkulima akiulizwa kuhusu hatari ya salfa, mara nyingi hujibu kwamba si sumu kali, na hajakosea. Ukilinganisha na viuatilifu vingi vya kuua wadudu, salfa ni pole sana kwa binadamu. Ubaya wake uko kwenye unga wenyewe: unaruka, unawaka, na ukikaa kwenye udongo wenye unyevu hugeuka tindikali. Kwa kuwa watu wameambiwa si sumu, wanaishika kama sementi. Hapo ndipo madhara yanapoanzia.

Kuiacha si jambo rahisi. Ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaovamia maua na majani machanga ya mkorosho wakati wa kipupwe, unaweza kuteketeza sehemu kubwa ya mavuno, na unga wa salfa umekuwa kinga ya wakulima wa kusini kwa miongo kadhaa. Kiwango kilichozoeleka ni robo kilo kwa mkorosho mkubwa kila mzunguko, na mizunguko hurudiwa kadiri maua yanavyoendelea kutoka. Kazi hufanyika alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yana umande, ili unga ung'ang'anie.

Mtazame mpulizaji saa hiyo. Bomba lenye injini ya petroli liko mgongoni, mdomo wake umeelekezwa juu kwenye matawi, na wingu la njano linapanda kisha linashuka taratibu juu ya kichwa chake. Baada ya miti michache kope zimekuwa za njano, unga umejikusanya kwenye pembe za pua, na jasho linaanza kuuteremsha machoni. Kipande cha kitenge alichojifunga usoni hakimsaidii sana, maana vumbi laini hupenya. Anahitaji barakoa ya vumbi inayobana puani na kidevuni, miwani iliyozibwa pembeni, shati la mikono mirefu na kofia. Mwenye pumu asipewe kazi hii hata akiiomba kwa sababu ya posho. Unga ukiingia machoni asisugue. Aoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, na macho yakiendelea kuuma aende zahanati. Kabla ya kula anawe, akimaliza kazi aoge, na nguo zake zifuliwe peke yake, si katika beseni moja na nguo za watoto.

Bomba nalo lina mambo yake. Unga mkavu unaopita kwa kasi kwenye mpira huzalisha umeme tuli, ndiyo maana mashine nyingi za kupulizia unga huja na mnyororo au waya wa kuburuta ardhini. Mafundi wengine huukata wakidhani ni urembo. Usikatwe. Petroli iongezwe injini ikiwa imepoa na vumbi limefutwa, kwa sababu unga wa salfa unaweza kushika moto kwenye joto la karibu nyuzi 200, na bomba la moshi la injini hufika huko bila shida.

Nirudi ghalani, kwani huko ndiko ninakohofia zaidi. Salfa iliyotulia ndani ya kiroba haina haraka ya kuwaka, lakini ikitimka hewani ni jambo jingine kabisa. Gramu 35 hivi kwa kila mita ya ujazo zinatosha kufanya hewa ilipuke ikipata cheche. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 3, kinahitaji takriban kilo moja tu iliyotawanyika hewani, yaani sehemu ndogo ya kiroba kimoja kilichopasuka wakati wa kushusha. Kwa hiyo salfa iliyomwagika haifagiliwi kavu kwa nguvu. Inanyunyiziwa maji kidogo ili itulie, kisha inazolewa taratibu kwa koleo la plastiki au la mbao, si la chuma. Kibatari, mshumaa na sigara havina nafasi humo, na fundi wa kuchomelea asiguse mlango wa ghala mpaka salfa itolewe.

Ikishika moto, mwali wake ni wa bluu hafifu, na mchana wa jua kali unaweza usiuone kabisa. Utakachohisi ni gesi ya dioksidi ya salfa inayokaba koo. Kiroba kimoja cha kilo 25 kikiungua chote hutoa kilo 50 za gesi hiyo. Ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujaa mabondeni, na ikikutana na unyevu wa mapafu huwa tindikali. Desemba 1995 moto wa porini ulifika kwenye lundo la maelfu ya tani za salfa karibu na Macassar, Afrika Kusini. Gesi ikaangukia makazi, watu wawili wakafariki na maelfu wakahamishwa usiku. Ghala la chama cha msingi halina maelfu ya tani, ila msimu wa salfa ndio huohuo wa kuchoma mashamba na misitu. Eneo la kulizunguka ghala lisafishwe majani hadi udongo uonekane kabla Juni haijaisha. Moto mdogo ufunikwe kwa mchanga au unyunyiziwe maji mepesi kama manyunyu. Maji ya kasi hurusha unga na kuukuza moto. Ukishakuwa mkubwa, watu waondoke kuelekea upepo unakotokea, kwenye mwinuko, na zimamoto wapigiwe 114.

Mbolea zenye nitrati zisikae chumba kimoja na salfa, kwa kuwa huupa moto hewa ya kuulisha. Viroba vikae juu ya chaga, mbali na ukuta unaovuja, kwa sababu salfa yenye unyevu hula mabati na misumari. Kuhusu ufuta, mbaazi na korosho, msimamo wangu ni mmoja: ukuta wa matofali wa kuvitenga na salfa na mlango unaofungukia nje ndiyo gharama ya chini kabisa, na chama kinachokata makato kwa kila kilo ya mkulima kinaweza kuimudu.

Viroba vitupu ndivyo vinavyosahaulika kuliko vyote. Ni imara, kwa hiyo huishia kubeba mahindi, au huchomwa uani na kuwatoa machozi majirani. Visifanyiwe lolote kati ya hayo. Vikung'utiwe ndani ya tangi la bomba, vitobolewe visitumike tena, na virudishwe chama cha msingi. Mbuzi na ng'ombe wafungiwe mbali navyo, maana mnyama anayecheua akila salfa, tumbo lake huigeuza gesi yenye harufu ya yai viza inayoweza kudhuru ubongo wake. Wala mabaki yasimwagwe katika Mto Mbwemkuru au kwenye vijito vyake.

Shambani bakteria wa udongo huigeuza salfa kuwa tindikali ya salfa. Katika miaka ya 1990 Amos Majule na wenzake walichunguza athari hiyo chini ya mikorosho ya kusini, na udongo wetu wa kichanga hauna nguvu kubwa ya kuihimili. Kilo moja ya salfa inahitaji zaidi kidogo ya kilo 3 za chokaa ya kilimo kuizimua. Pale kiroba kilipomwagikia, chokaa ichanganywe na udongo mapema, kabla mvua za Desemba hazijashika kasi.

Salfa iliyopitwa na muda ni mzigo wa serikali pia. Kule Vikuge, Kibaha, tani 170 hivi za viuatilifu, vingine vikiwa vimekwisha muda, zilipokelewa mwaka 1986 kama msaada kutoka Ugiriki. Banda lao likabomoka, na udongo wa pale ulikutwa na sumu nyingi hata baada ya kusafishwa. Humo kulikuwa na DDT, sumu tofauti kabisa na salfa, lakini mwanzo wake ulikuwa uleule: shehena isiyo na mwenyewe. Sheria Na. 4 ya 2020 iliunda TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na taasisi ya taifa ya mazingira ndiyo inayosimamia taka hatarishi. Mwisho wa Septemba, kabla korosho hazijaanza kuingia, mtunza ghala ahesabu viroba vilivyobaki, aandike tarehe ya kila kimoja, na orodha hiyo aifikishe ofisi ya kilimo ya halmashauri ili wakaguzi waitwe wakati viroba bado ni vizima.