Kati ya Shaba na Mkia, Shibiri Moja

Jioni ya Agosti 2, 2024, ndani ya Paris La Défense Arena, wanaume wanane walipanda majukwaa ya kuanzia kwa fainali ya Olimpiki ya mita 50 mtindo huru. Cameron McEvoy wa Australia aligusa ukuta wa kwanza, sekunde 21.25. Benjamin Proud wa Uingereza akafuata kwa 21.30. Mfaransa Florent Manaudou, mtoto wa nyumbani, akachukua shaba kwa 21.56. Hadi hapo ni matokeo kama matokeo mengine. Maajabu yalikuwa chini ya jedwali: wa nne 21.58, wa tano 21.59, wa sita 21.61, wa saba 21.62, na aliyeshika mkia, Jordan Crooks wa Visiwa vya Cayman, 21.64.

Yaani kutoka medali ya shaba hadi mkia palikuwa na sehemu 8 tu za mia za sekunde. Kwa kasi wanayokwenda watu hawa, huo ni umbali usiofika sentimeta 20. Shibiri ya mtu mzima, basi. Na huyo wa sita hakuwa mtu wa kubahatisha: ni Caeleb Dressel wa Marekani, aliyetwaa dhahabu ya mbio hizihizi Tokyo miaka mitatu kabla, kwa 21.07.

Wengi huzichukulia mbio hizi kuwa ndugu wa mita 100 za riadha, na kwa kuangalia tu hawakosei: ni fupi, ni za nguvu, mshindi huitwa mwenye kasi kuliko wote. Lakini mwenendo wake ni kinyume kabisa. Mkimbiaji huanza kutoka sifuri, akaongeza kasi hatua kwa hatua, na huifikia kasi yake ya juu baada ya kuvuka nusu ya safari. Mwogeleaji huwa na kasi yake kubwa kuliko zote pale mwili unapopenya maji baada ya kuruka. Kuanzia sekunde hiyo hakuna kuongeza tena. Kazi yote iliyobaki ni kupoteza kasi polepole kuliko jirani.

Sababu iko kwenye maji yenyewe. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi, na ukaidi wake hauongezeki kwa kiasi kilekile cha mwendo wako. Huongezeka kwa kipeo cha pili. Nguvu inayohitajika kuushinda ukaidi huo hupanda kwa kipeo cha tatu. Mwogeleaji anayetaka kwenda kwa kasi zaidi kwa asilimia 10 anatakiwa atoe nguvu zaidi kwa karibu theluthi moja. Hakuna binadamu mwenye akiba ya theluthi nzima. Kwa hiyo mabingwa hawatafuti sana nguvu mpya; wanatafuta namna ya kuyapa maji sehemu ndogo ya mwili ya kukamata.

Ndiyo maana mita 15 za kwanza zina thamani kuliko zinavyoonekana kwenye televisheni. Mwogeleaji husukuma jukwaa kwa miguu yote miwili, wa nyuma ukiwa umekanyaga kibao kilichoinuliwa mahsusi, kisha huingia majini kwa kujaribu kupitisha mikono, kichwa, kiuno na miguu katika tundu moja. Chini ya maji hupiga mateke ya pomboo, miguu ikiwa imebanana, kwa kuwa mwili uliozama hauumbi mawimbi, na kuumba mawimbi ni kutupa nguvu. Kanuni inataka kichwa kiwe kimetokeza kabla ya kupita mita 15. Walio bora hufika hapo kwa sekunde 5 na ushee. Theluthi moja kasoro kidogo ya safari imekwisha, na imetumia karibu robo tu ya muda.

Baada ya hapo ni mikono. Mapigo thelathini na kitu, pengine kufika arobaini, na katika hayo yote wengi hawavuti pumzi hata mara moja. Wengine huvuta mara moja tu. Si ushujaa wa bure. Kugeuza kichwa kunayumbisha mwili, na mwili ukiyumba maji yanapata pa kukamata. Isitoshe, pumzi hiyo ingechelewa kusaidia. Akiba ya nguvu iliyomo ndani ya misuli hutosha kwa sekunde kama 10, na inapoisha misuli huchoma sukari bila kungoja oksijeni. Mbio zinakwisha kabla mapafu hayajapata nafasi ya kuwa na la maana la kuchangia.

Mwisho wa mbio ni ukuta, na hapo ndipo medali nyingi zimepotea. Ukutani kuna kibao cha kielektroniki kinachosimamisha saa, na hakifanyi kazi kwa kupapaswa, lazima kisukumwe. Mfano unaojulikana kuliko yote hautoki kwenye mtindo huru, bali fainali ya mita 100 kipepeo Beijing mwaka 2008. Milorad Čavić wa Serbia alikuwa mbele, akanyoosha mikono na kuteleza kuelekea ukuta. Michael Phelps, aliyekuwa nyuma, aliongeza nusu pigo la haraka na kugonga kibao kwa nguvu. 50.58 kwa 50.59. Katika maji hayohayo alikuwamo Mkenya Jason Dunford, aliyemaliza wa tano, nafasi ambayo kwa haki ingepaswa kukumbukwa zaidi Afrika Mashariki kuliko inavyokumbukwa.

Msomaji anaweza kuuliza: kama mambo ni finyu namna hiyo, kwa nini saa zisipime sehemu za elfu? Ziliwahi kupima. Munich mwaka 1972, katika mita 400 mitindo mchanganyiko, Gunnar Larsson wa Sweden na Tim McKee wa Marekani walilingana hadi sehemu za mia. Waamuzi wakaenda mbele zaidi: 4:31.981 kwa 4:31.983. Larsson akapewa dhahabu kwa sehemu 2 za elfu, umbali wa milimita 3 hivi.

Tatizo ni kwamba hakuna fundi anayejenga bwawa kwa usahihi huo. Kanuni za ujenzi kwa miaka mingi zilikuwa zikiruhusu njia moja izidi mita 50 kwa hadi sentimeta 3, na Larsson na McKee walilipita bwawa mara nane. Saa ilikuwa inapima kitu ambacho zege lenyewe halikijui. Shirikisho la kimataifa likarudi nyuma na kuamua kwamba sehemu za mia zinatosha. Wakilingana hapo, wamelingana. Katika michezo inayopenda kujigamba kwa teknolojia, uamuzi huo ni wa nadra kwa uaminifu wake. Matunda yake yalionekana Rio mwaka 2016, pale Phelps, Chad le Clos wa Afrika Kusini na László Cseh wa Hungaria walipopanda jukwaani watatu kwa medali moja ya fedha, wote 51.14.

Na mita 50 mtindo huru zina sare yao. Sydney, mwaka 2000, Wamarekani wawili, Gary Hall na Anthony Ervin, waligusa pamoja kwa 21.98 na wote wakavishwa dhahabu. Ervin alikuwa na miaka 19. Miaka mitatu baadaye aliacha kuogelea, akauza medali yake mtandaoni kuwachangia waathirika wa tsunami ya Bahari ya Hindi, akapotea machoni pa watu. Alirudi London mwaka 2012 akamaliza wa tano. Kisha Rio, akiwa na miaka 35, akamshinda Manaudou, bingwa mtetezi, kwa 21.40 dhidi ya 21.41. Miaka 16 kati ya dhahabu moja na nyingine ya mbio zilezile!

Umri huo haushangazi sana ukizitazama mbio hizi kama kazi ya kuzuia hasara. Kinachoamua hapa ni ufundi, na ufundi hauzeeki haraka kama mapafu. McEvoy mwenyewe ni ushahidi. Mwaka 2016 alikwenda Rio akiwa mwenye muda bora wa mwaka katika mita 100, 47.04, na fainalini akamaliza wa saba. Baada ya Tokyo alipumzika karibu mwaka mzima. Alipoanza tena, msomi huyu wa fizikia aliuliza swali ambalo makocha wengi hawapendi kuulizwa: kwa nini mtu anayeshindana kwa sekunde 21 aogelee kilomita 30 kwa wiki? Akazipunguza hadi kama kilomita 2 au 3, muda uliobaki akanyanyua vyuma na kupanda miamba, na majini akafanya mazoezi kwa kasi ya mashindano tu. Mwaka 2023 akawa bingwa wa dunia kwa 21.06, na mwaka uliofuata bingwa wa Olimpiki akiwa na miaka 30.

Mfano wa mtu mmoja si sheria, na ikumbukwe kwamba McEvoy alikuwa na miaka mingi ya kilomita mwilini kabla ya kuziacha. Lakini hoja yake ni nzito.

Kwa miaka mingi, hata hivyo, hakuna ufundi ulioshinda nguo. Desemba 2009 Mbrazili César Cielo aliogelea mita 50 jijini São Paulo kwa 20.91, akiwa amevaa vazi la kuziba mwili lililomwinua juu ya maji. Siku chache baadaye, mwaka 2010 ulipoanza, mavazi hayo yalikuwa marufuku. Rekodi yake ilidumu zaidi ya miaka 15.

Afrika Mashariki imekuwamo katika mchujo wa mbio hizi, kwa kawaida asubuhi, kabla kamera hazijajaa. David Dunford, mdogo wake Jason, aliiwakilisha Kenya London. Mtanzania Hilal Hemed Hilal aliogelea Rio. Jason yeye alipata dhahabu ya Jumuiya ya Madola Delhi mwaka 2010 katika mita 50 kipepeo, mbio ambazo wakati huo hazikuwa na nafasi kwenye Olimpiki. Mtindo huru peke yake ndio ulikuwa na mita 50, tangu Seoul 1988. Los Angeles mwaka 2028 mita 50 za kipepeo, za kuogelea chali na za mtindo wa chura zitaingia kwenye ratiba kwa mara ya kwanza.