Je, Wajua? Nomino ya Kiingereza huja na kihusishi chake

Kiswahili husema sababu ya kuchelewa, ufunguo wa mlango, ongezeko la bei, hundi ya shilingi laki moja: kiunganifu kilekile cha -a, basi. Kiingereza hakina ukarimu huo. Hudai "reason for", "key to", "increase in" na "cheque for", na hakuna kanuni moja ya kukuongoza. Kinachokera zaidi, nomino na kitenzi chake hutofautiana. "Discussion" huambatana na "about", lakini "discuss" hakitaki kihusishi, ingawa "discuss about" husikika hata kwa wasomi. "Demand" ikiwa nomino hufuatwa na "for". Ikiwa kitenzi, hupokea yambwa moja kwa moja. Ukijifunza nomino mpya, iandike daftarini pamoja na kihusishi chake.