Mafuta Yaliyosalia Chini ya Mchanga wa Bemidji

Tarehe 20 Agosti 1979, katika msitu wa misonobari ulio kiasi cha kilomita 16 kaskazini-magharibi ya mji wa Bemidji, jimbo la Minnesota, Marekani, bomba la mafuta ghafi lilipasuka penye mshono wake, na hata lilipofungwa lilikuwa limekwisha mwaga lita zipatazo 1,700,000, nyingine zikirushwa hewani na kunyesha juu ya miti na nyasi za eneo la mita za mraba 6,500, na nyingine zikitiririka na kutuama mabondeni. Wenye bomba walifanya yaliyojulikana kwa wakati ule: walivuta kwa pampu, wakachimba mitaro, wakachoma, wakazoa udongo uliolowa wakauhamisha, na kazi ilipokwisha ilikadiriwa kwamba robo tatu ya mafuta imeondolewa. Robo iliyobaki, nayo ni lita 400,000 hivi, ilikuwa imekwisha kuzama katika mchanga na kokoto zilizoachwa na barafu za zama za kale, ikashuka mita kadhaa hadi kuyakuta maji ya ardhini, ikaelea juu yake.

Mwaka 1983 watafiti wa Idara ya Jiolojia ya Marekani walipachagua mahali hapo pawe maabara ya wazi, wakapanga kuyafuatilia mafuta hayo mwaka baada ya mwaka, ili ijulikane bayana ardhi huyafanyia nini na yenyewe huifanyia ardhi nini. Nauona uamuzi huo kuwa wa hikima kubwa, kwa sababu elimu ya uchafuzi aghalabu hutoka katika chupa za maabara ambamo kila kitu kimepimwa na kutayarishwa, au katika ajali ambazo hutazamwa kwa miaka miwili mitatu kisha zikasahauliwa, ilhali mafuta hukaa ardhini kwa umri wa mtu mzima na zaidi. Tangu hapo wamepishana Bemidji wanajiolojia, wanakemia na wataalamu wa vijidudu kutoka vyuo vikuu mbalimbali, kila kizazi kikirithi visima vya uchunguzi na daftari za vipimo vya waliotangulia.

Adhaniaye kwamba mafuta hayo yamekaa chini kama ziwa, ambalo laweza kuchotwa likaisha, hajapata kuuona mchanga uliolowa mafuta. Yametawanyika baina ya chembe, hapa yakizijaza nafasi karibu zote, pale yakigawana nafasi hizo na maji na hewa, na sehemu yake imenaswa isiweze kusogea wala kuvutika, kama tui linavyosalia katika machicha hata baada ya mkamuo wa mwisho. Hata kuupata mchanga huo ili uchunguzwe kulikuwa kazi yenye taabu, kwa kuwa mchanga ulio chini ya maji, ukivutwa juu ndani ya bomba la kuchukulia sampuli, huporomoka kwa chini, na maji na mafuta yake yakamwagika kabla ya kufika mikononi mwa mtafiti. Wakabuni basi ncha ya bomba inayogandisha: hewa ukaa iliyogeuzwa kuwa kimiminika huteremshwa hadi mwisho wa bomba, ikaugandisha mchanga wa chini kabisa hata ukawa kizibo kigumu, na nguzo nzima ya mchanga hupanda juu ikiwa na vyote vilivyokuwamo, maji, mafuta na vijidudu, kila kimoja mahali pake.

Na vijidudu ndio wenye habari. Bakteria walao mafuta hawakuletwa Bemidji na mtu. Wamo katika udongo wa kila nchi, wachache na wanyonge, hata watakapojiliwa na riziki. Mafuta yalipofika walianza kuyala kwa kutumia oksijeni iliyoyeyuka katika maji, na oksijeni ilipokwisha karibu na mafuta wakaja wengine ambao badala ya oksijeni hutumia manganizi, na hasa chuma, yaani ule utando wa kutu unaozivika chembe za mchanga; na chuma kilipopungua wakashika zamu wale wanaotoa gesi ya methani. Mwaka 1989 Derek Lovley, Mary Jo Baedecker, Isabelle Cozzarelli na wenzao walieleza katika jarida la Nature kwamba kemikali za jamii ya benzini, ambazo wengi waliamini kuwa haziliwi pasipo oksijeni, huliwa na bakteria wanaopumua kwa kutu ya chuma, na vipimo vya maji ya Bemidji vilikuwa miongoni mwa hoja zao. Benzini husababisha saratani ya damu, nayo huyeyuka katika maji kuliko sehemu nyingi nyingine za mafuta ghafi. Lau isingeliwa, ingeandamana na maji kila yaendako. Walakini wingu lake chini ya ardhi halikufika mbali kwa kadiri ambayo maji yenyewe yamesafiri tangu 1979.

Habari hiyo ni njema, nami naisimulia kwa furaha, illa nachelea isishikwe na mtu aliyemwaga mafuta akaifanya udhuru wa kukaa kitako. Kazi ya bakteria ina gharama, na gharama hiyo hulipwa na ardhi. Kutu ya chuma katika mchanga ina kiasi chake, na kadiri inavyoliwa karibu na mafuta ndivyo ukingo wa benzini unavyosogea mbele, polepole lakini bila kukoma, kuutafuta mchanga ambao haujaguswa. Fauka ya hayo, utando ule wa kutu ulikuwa umeshika arseniki iliyokuwamo ardhini kwa asili, isiyomdhuru mtu maadamu imefungwa. Bakteria wanapouyeyusha utando, arseniki nayo hufunguliwa ikaingia majini. Cozzarelli na wenzake walipoipima waliikuta imefikia maikrogramu 230 katika lita moja ya maji, na kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika maji ya kunywa ni 10. Huko mbele, maji machafu yakutanapo na maji yenye oksijeni, chuma hugeuka kutu tena na kuikamata arseniki upya, hata ikalimbikizwa katika ukanda mmoja. Mafuta ghafi hayakuileta sumu hiyo. Yaliifungulia mlango tu, na mpimaji atakayepima benzini peke yake atakwenda zake akiamini kwamba maji yamesalimika.

Jambo la pili lililo karibu na hilo ni mabaki. Bakteria hawamalizi kila wanachokianza. Huyakata mafuta vipande, na vipande hivyo, ambavyo vingi ni asidi na vitu vya jamii yake, huyeyuka katika maji kwa wepesi na kwenda mbali kuliko mafuta yaliyovizaa. Vipimo vya desturi haviviangalii, kwa kuwa vilitungwa kuyatafuta mafuta yenyewe.

Kisha lilikuja jaribio la kusafisha kwa nguvu. Baina ya 1999 na 2003 pampu za namna mbili, za maji na za mafuta, ziliwekwa juu ya mafuta yaliyosalia, nazo zikatoa lita 115,000 hivi, ambazo ni kati ya asilimia 36 na 41 ya mafuta yaliyokadiriwa kuwapo mwaka 1998. Mtu angetazamia kwamba hali ya chini itabadilika sana. Karibu na visima vya pampu unene wa mafuta ulipungua kweli, lakini wastani wa visima vyote haukubadilika sana. Na maji yaliyovutwa pamoja na mafuta, yaliporudishwa ardhini upande wa juu wa mkondo, yalizaa wingu jipya la uchafu, likapanuka upesi, na eneo la maji yasiyo na oksijeni likaongezeka. Habari hii ilipochapishwa mwaka 2014 ilikuwa na faida kuu kwa sababu moja: mahali hapo palikuwa pamekwisha pimwa kwa miaka 16 kabla ya pampu kuwashwa, hata kila badiliko lilionekana lilikotoka.

Watafiti wengine, wa Chuo Kikuu cha British Columbia, walipima hewa ukaa ipandayo kutoka ardhini juu ya mafuta hayo. Mizizi ya miti na majani yaozayo pia hutoa hewa hiyo, basi itajulikanaje ipi ni ya mafuta? Kaboni 14 ndiyo iliyotoa hukumu. Aina hiyo ya kaboni imo katika kila kiumbe kilicho hai, nayo hupungua nusu kila miaka 5,730, na mafuta ghafi, yaliyolala ardhini mamilioni ya miaka, hayana hata chembe yake. Hewa ukaa isiyo na kaboni 14 ni mafuta yaliyokwisha kuliwa. Kwa kipimo hicho mtu asimama juu ya nyasi, hachimbi chochote, akahesabu kiasi cha mafuta kinachotoweka chini ya nyayo zake.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna haja na elimu hii. Bomba la TAZAMA limekuwa likipitisha mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, tangu 1968. Mwaka 2015 mafuta yaliyovuja katika bomba yaliuchafua mto Thange huko Makueni, Kenya, na waliotegemea maji ya bonde lile walipata dhiki kubwa. Na bomba jipya la kilomita 1,443 linatoka Hoima, Uganda, kuja Chongoleani, Tanga. Ardhi yetu si ya Minnesota. Ina joto mwaka mzima, na joto huwaharakisha bakteria. Udongo wake mwekundu, katika sehemu nyingi za njia hizo, una kutu ya chuma kwa wingi, jambo ambalo huenda likawapa bakteria akiba ndefu ya kupumulia, na huenda pia likawa limeficha arseniki ambayo haijapata kuamshwa. Lipi kati ya mawili litatangulia mahali fulani halijulikani kwa kukisia, bali kwa kuyapima maji ya visima vilivyo kando ya bomba, chuma chake, manganizi yake, arseniki yake na oksijeni yake, katika kiangazi na katika masika, kabla ya tone la kwanza kuvuja.