Bei ya Cherehani Huhesabiwa kwa Mifarishi

Wahenga walituachia usemi kwamba cha rahisi ni ghali. Aghalabu sisi huutumia kumkejeli jirani aliyenunua viatu vya bei ya chini vikaachama kabla ya mwezi kuisha. Ni nadra kuutafakari tunaponunua chombo cha kazi, ambacho ndicho kitakachotulisha au kutufilisi. Mimi mwenyewe sikuwa nimeutafakari hadi Juni 2023, dada yangu, ambaye ni mshonaji hapa Kitengela, aliponiomba niandamane naye kutafuta cherehani kubwa zaidi.

Dada hushona mifarishi ya viraka. Kwa msomaji asiyeufahamu, mfarishi ni tandiko lenye tabaka tatu: juu vipande vya vitambaa vilivyoungwa kwa mapambo, katikati pamba, na chini kitambaa kizima. Tabaka zote hushonwa pamoja kwa mishono inayopita kote ili pamba isihame. Vipande huvipata kwa mafundi wenzake na kwa wachuuzi wa masalio ya viwanda vya nguo vya Athi River, mwendo mfupi kutoka kwetu. Wateja huletwa na baridi ya Julai na upepo uvumao kutoka mbugani.

Cherehani aliyokuwa nayo ni ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu. Ni chombo kiaminifu, lakini nafasi iliyopo baina ya sindano na nguzo yake ni inchi saba hivi. Mfarishi wa kitanda cha futi tano kwa sita ukikunjwa huwa mnene kama gogo, na gogo hilo halipenyi katika nafasi hiyo. Kwa hivyo kingo alizishona kwa cherehani na sehemu ya kati kwa mkono, hadi vidole vikaota sugu. Kwa mwendo huo alimaliza mifarishi sita kwa mwezi. Ndipo hoteli moja ya upande wa Namanga ilipomwagiza mifarishi 20, yote ifike kabla ya Septemba kuisha.

Tulianzia katika duka moja papa hapa mjini. Muuzaji alitupokea kwa bashasha na kutuonyesha cherehani mpya ya kiwandani, pamoja na meza na mota yake. "Mama, hii inapiga mishono 5,000 kwa dakika," alimwambia dada, kisha akapitisha kitambaa chembamba cha pamba, nacho kikatoka upande wa pili kabla sijapepesa jicho. Bei ilikuwa Sh45,000. Mimi nilikuwa tayari kumpa mkono wa heri. Dada alifungua mkoba, akatoa kipande cha mfarishi wake chenye tabaka zote tatu, akasema kwa upole: "Kijana wangu, sasa nishonee hiki."

Kipande hicho kiliingia kikiwa sawa, kikatoka kimekunjamana. Tabaka la chini lilivutwa na meno ya cherehani huku la juu likibaki nyuma, na pamba ikajikusanya upande mmoja. Cherehani haikuwa mbovu. Iliundwa kushona mashati, na shati halina tabaka tatu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ukubwa na kasi ni mambo mawili yasiyomhusu mshonaji wa mifarishi kama jambo la tatu, nalo ni namna cherehani inavyovuta kitambaa. Zipo zile ambazo mguu wake wa juu hutembea pamoja na meno ya chini, kwa hivyo tabaka zote huenda hatua moja. Hizo ndizo hutumiwa kushonea turubai na ngozi. Kule Marekani wapo washonaji wa mifarishi wanaotumia mashine za mkono mrefu wa inchi 18 na zaidi, zinazosafiri juu ya fremu, lakini chombo cha namna hiyo kingehitaji chumba kizima, na dada hupanga chumba kimoja.

Muuzaji hakukata tamaa. Alisema kama taslimu ni tatizo, tungelipa Sh5,000 siku hiyo na Sh3,500 kila mwezi kwa miezi 18. Maneno hayo ni matamu, na si mapya. Kampuni ya Singer ilianza kuwauzia watu cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo tangu miaka ya 1850, na mtindo huo ukaenea duniani kwa sababu huifanya bei ionekane ndogo. Nilichukua kalamu. Sh3,500 mara 18 ni Sh63,000. Ongeza Sh5,000, jumla ni Sh68,000. Cherehani ya Sh45,000 ilikuwa imeota Sh23,000 juu ya kichwa chake.

Sheria ya Kenya kuhusu mauzo ya aina hiyo, iliyotungwa mwaka 1968, iliweka kwamba mnunuzi akishalipa thuluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kuichukua tena ila kwa kwenda mahakamani. Ni kinga nzuri, lakini hebu ihesabu. Thuluthi mbili ya Sh68,000 ni Sh45,333. Yaani dada angekuwa amekwisha kulipa bei yote ya taslimu, na ziada, ndipo aanze kukingwa.

Juma lililofuata tulisikia kwamba kuna mama mjini Kajiado anayeuza cherehani ya kushonea ngozi. Tulipanda matatu, tukapita Isinya, tukafika baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 50. Tulimchukua pia fundi wa cherehani, kwani macho ya mnunuzi huona rangi na ya fundi huona chuma. Mama huyo alitaka Sh60,000. Nilishtuka: chombo kilichotumika kiuzwe ghali kuliko kipya? Dada hakushtuka. Alitoa kile kipande chake, akakishona mwenyewe, nacho kikatoka kimetulia kama kilivyoingia. Fundi alifungua, akapima, akasema mwili ni mzima ila mota ni ya zamani, ya zile zinazonguruma na kula umeme hata usiposhona. Walipatana Sh55,000.

Kabla ya kulipa, dada aliomba dakika chache, akahesabu nyuma ya risiti ya matatu. Mfarishi mmoja humbakishia Sh1,800 baada ya kutoa gharama za vitambaa, pamba, uzi na umeme. Cherehani Sh55,000, usafiri Sh2,500, mota mpya na marekebisho Sh6,500: jumla Sh64,000. Gawanya kwa 1,800. "Hii ni mifarishi 36," alisema. "Hoteli imeagiza 20. Hiyo 16 iliyobaki nitamuuzia nani?"

Mama wa Kajiado, aliyekuwa amenyamaza muda mrefu, ndiye aliyejibu. "Ungeniuliza mimi swali hilo nilipoinunua, mdogo wangu, ningekushukuru. Nilitoa mitamba miwili. Nilikuwa na mteja mmoja tu, akiwauzia watalii mikoba yangu. Mwaka 2020 watalii wakakosekana kwa ajili ya korona, kisha ukame ukaja na kuchukua ng'ombe waliobaki. Cherehani haikuwa na kosa lolote."

Maneno hayo yalinichoma. Nilikuwa nimekwenda Kajiado kutafuta bei nafuu, nikakuta kwamba unafuu wetu ulikuwa na hasara ya mwenzetu ndani yake. Dada hakushusha bei zaidi. Alirudi Kitengela kwanza, akawatembelea wateja wake wa zamani, wenye maduka ya matandiko na akina mama wa chama chake, akaandika majina ya waliosema watanunua na kutoa malipo ya kwanza. Alipofikisha majina 11 alisema tano zilizobaki atazibeba kama hatari ya biashara. Ndipo akalipa.

Cherehani ya zamani hakuiuza, ingawa nilimshauri auze. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipokatika karibu nchi nzima, cherehani kubwa ilinyamaza, naye akawasha taa ya mafuta akaendelea kupindia kingo kwa kukanyaga. Mifarishi ya hoteli ilifika kwa wakati.

Nayaeleza haya kwa sababu tumezoea kuona vikundi vya akina mama na vijana vikikabidhiwa cherehani katika mikutano ya hadhara, mbele ya kamera na makofi. Ni nadra kusikia mtoaji akiuliza zitashona nini, kitambaa cha unene gani, kwa umeme upi, na kumuuzia nani. Wanaokopa ili wanunue nao huuliza bei ya taslimu na awamu ya mwezi, wakaishia hapo. Ewe msomaji unayetaka kupanda kutoka chombo kidogo hadi kikubwa, nenda na kazi yako mkobani, ipime dukani, kisha igeuze bei iwe idadi ya vitu utakavyoshona. Kama huwezi kuwataja wanunuzi wa vitu hivyo, rudi nyumbani ukawatafute kwanza.

Ukutani kwa dada kulikuwa na mistari ya chaki, mmoja kwa kila mfarishi uliouzwa. Mstari wa 36 aliuchora Februari 2024. Siku hiyo alimpigia simu mama wa Kajiado kumpa habari, na tangu hapo mama huyo humtafutia wateja wa huko, naye hupata fungu lake.