Ndege Waliojenga Katika Dohani



Baridi ya Usambara twaijua sote. Tangu Juni hata Agosti ukungu hukaa juu ya Zirai, na mwenye nyumba hutaka moto ndani. Ndiyo sababu wengi wetu waliojenga nyumba za matofali wameweka meko ya ukutani na dohani ya kutolea moshi. Lakini dohani iliyokaa miezi mingi bila moto huwa kama mvungu wa mti mkavu, na ndege huiona kuwa ni nyumba yao.

Wakati mmoja wa baridi niliitwa usiku katika nyumba moja huku kwetu. Nilimkuta mama na watoto wawili wamelala, vichwa vyawauma, nao watapika. Majirani walikuwa wakinong'ona ya kwamba ni kazi ya bundi, kwa kuwa bundi alikuwa amesikika akikoroma ndani ya dohani siku nyingi. Baba mwenye nyumba, kwa kumwogopa ndege huyo, alikuwa amewasha majani mabichi mekoni ili amfukuze. Tuliwatoa wagonjwa nje, tukafungua milango na madirisha, nao wakapata nafuu. Asubuhi tulipanda juu ya paa, tukatoa makinda wanne waliokufa, na chini yao takataka za kujaa debe: manyoya na mifupa. Tulianza kuhesabu mafuvu ya panya. Tulipofika mia tukaacha.

Katika jambo hilo mna mafunzo mawili. La kwanza, familia ile ilikuwa karibu kufa kwa moshi. Dohani ikizibwa, moshi hurudi chumbani, na pamoja nao huja hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, ambayo humwua mtu usingizini. La pili, baba yule aliwaua watumishi waliokuwa wakimfanyia kazi kila usiku bila mshahara.

Ndege mwenye uso mweupe mfano wa moyo, akaaye katika majengo, ni babewatoto. Si yule bundi mkubwa wa Usambara aliyepewa jina la Bwana Vosseler wa Amani mwaka 1908. Huyo ni ndege wa msituni. Babewatoto haleti vijiti. Hutaga mayai juu ya takataka zake mwenyewe, huatamia kama mwezi mmoja, na makinda hukaa miezi miwili au zaidi kabla ya kuruka. Chakula chake kikubwa ni panya.

Panya shamba huweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja. Hufukua mahindi yaliyopandwa, kisha huyafuata mavuno hata darini. Wala si mahindi tu. Wazee wa Lushoto hawajasahau tauni iliyoingia wilayani humo mwaka 1980, ikarudi tena na tena kwa zaidi ya miaka 20, ikaua watu kwa mamia. Ugonjwa huo huletwa na viroboto wa panya. Sisemi kwamba bundi peke yake angaliweza kuuzuia. Bali asemaye kwamba bundi huleta kifo na amtazame kwanza panya aliye darini kwake.

Basi, mkionapo ndege katika dohani, fanyeni hivi:

1. Msiwashe moto kabisa katika meko hayo. Pikieni mahali pengine.

2. Chunguzeni kama mna makinda. Sikilizeni jioni: makinda wa babewatoto hukoroma na kufoka wakiomba chakula. Ikiwa wamo, ngojeni hata waruke. Mbayuwayu, wajengao kwa udongo, huhitaji kama wiki sita tangu kutaga hata kuruka. Babewatoto huhitaji kama miezi mitatu.

3. Ndege akianguka chumbani, fungeni mlango wa ndani, fungueni dirisha moja, mkatoke. Ataufuata mwanga, naye akiwa bundi atatoka jioni.

4. Wakiisha kuondoka, safisheni. Jifungeni kitambaa chenye maji puani na mdomoni, nyunyizeni maji juu ya takataka ili vumbi lisiruke, fukieni zote shimoni, kisha nawe mikono kwa sabuni. Mzoga wa panya msiushike kwa mikono mitupu.

5. Shikeni kioo chini ya dohani, mtazame juu. Mkiona mwanga wa mbingu pasipo kizuizi, njia i wazi. Washeni kwanza moto mdogo, mlango ukiwa wazi, mwone kama moshi wapanda.

6. Siku hiyo hiyo funikeni mdomo wa dohani kwa wavu wa chuma. Matundu yake yasipite inchi 1, wala yasiwe madogo mno, kwa maana masizi huyaziba. Uangalieni wavu huo kila mwaka kabla ya baridi.

Lakini msiishie hapo. Mkimfungia babewatoto dohani, mpeni nyumba nyingine. Tengenezeni sanduku la mbao lenye urefu wa futi 3, upana wa futi 1½ na kimo cha futi 2. Toboeni tundu la inchi 6 upande mmoja, karibu na juu, ili makinda wasianguke. Litundikeni penye mti imara, futi 10 au zaidi kutoka chini, mbali kidogo na nyumba, mdomo wake ukielekea shamba la mahindi. Pengine msimu wa kwanza hatakuja, liacheni. Tena msitege sumu ya panya karibu na hapo, kwa kuwa bundi alaye panya mwenye sumu aweza kufa naye.

Baba yule sasa analo sanduku penye mti nyuma ya migomba yake, na dohani yake ina wavu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndugu zangu, kazi ya wavu huu ni ya asubuhi moja. Ifanyeni kabla ukungu haujashuka.