Nyemelezi, Kihisi na Mwangwi: Istilahi za Ndege za Kivita za Kizazi cha Tano

Miongoni mwa istilahi za elimu ya anga, rada ndiyo iliyobahatika kujulikana kwa Watanzania wengi. Sababu yake si shule wala jeshi, bali mjadala mrefu wa umma kuhusu rada iliyonunuliwa kwa kampuni ya BAE ya Uingereza kwa paundi milioni 28. Baadaye kampuni hiyo ilikubali kulipa paundi milioni 29.5, na mwaka 2012 fedha hizo zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule. Wananchi wakaziita "chenji ya rada". Jina la chombo likaenea, lakini namna kinavyofanya kazi haikupata wasemaji wengi kiasi hicho.

Upungufu huo hudhihirika kila tunapofasiri habari za ndege za kivita za kizazi cha tano. Mfasiri huandika "ndege isiyoonekana", mwalimu hulirudia jina hilo darasani, na mtumishi wa serikali huliweka katika taarifa yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jina hilo linasema jambo lisilo kweli, na kupendekeza istilahi zitakazomwezesha msomaji kulinganisha ndege hizo kwa usahihi.

Rada hutoa mawimbi ya redio, kisha hungoja mwangwi wake. Apazaye sauti mbele ya majabali ya Dodoma hurudishiwa sauti yake; apazaye sauti kwenye uwanda mtupu hasikii jibu. Ndege ya kizazi cha tano hujitahidi kuwa kama uwanda huo. Umbo lake huyaelekeza mawimbi pembeni badala ya kuyarudisha yalikotoka. Ngozi yake hufyonza sehemu ya mawimbi hayo. Na silaha hubebwa tumboni ili zisiongeze mwangwi.

Je, hapo ndege imekuwa haionekani? Hesabu hukataa. Umbali ambao rada hugundua kitu hufuata kipeuo cha nne cha ukubwa wa mwangwi wa kitu hicho. Maana yake ni kwamba mwangwi ukipunguzwa mara 10,000, umbali wa kugundua hupungua mara 10 tu. Tuchukue mfano wa rada iliyowekwa Ipagala, yenye uwezo wa kugundua ndege ya kawaida irukayo juu sana kwa umbali wa kilomita 400. Rada hiyo itaiona ndege hiyo ingali juu ya Dar es Salaam. Ndege yenye mwangwi mdogo mara 10,000 itaonekana ikiwa umbali wa kilomita 40, yaani imekwisha kukaribia Chamwino. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, ndege ya kwanza ingewapa walinzi dakika 26 hivi za kujiandaa; ya pili ingewaachia dakika zisizotimia tatu. Hizo dakika zilizopotea ndizo faida nzima ya uhandisi huo. Kwa hiyo ndege huonekana, ila huonekana kwa kuchelewa.

Historia nayo imetoa ushahidi. Tarehe 27 Machi 1999, ndege ya Marekani aina ya F-117, iliyosifiwa sana kwa kutoonekana, iliangushwa nchini Serbia kwa kombora la S-125, silaha ya Kisovieti iliyobuniwa zamani. Umbo la ndege hizo hukusudiwa hasa kuzikwepa rada za mawimbi mafupi. Rada za mawimbi marefu, ambazo urefu wa wimbi lake hukaribia mita moja au mbili, huathiriwa kidogo zaidi na ufundi huo.

Basi tuiiteje ndege ya namna hii? "Ndege isiyoonekana" haifai kwa sababu zilizotajwa. "Ndege ya siri" haifai pia, maana ndege hizi huonyeshwa hadharani katika maonyesho na gwaride. "Ndege hafifu" ingeeleweka kuwa ni ndege dhaifu. Tunapendekeza "ndege nyemelezi", kutokana na kitenzi "kunyemelea". Paka anapomnyemelea panya hatoweki machoni. Hujishusha, hukanyaga polepole, na hutafuta upande ambao panya hatazami. Panya akigeuka mapema, humwona. Ndivyo ilivyo kwa ndege hii. Wapo watakaosema kwamba neno hilo limekwisha kuchukuliwa na waganga katika "magonjwa nyemelezi". Hoja hiyo ina uzito, lakini si kizuizi. Neno moja huweza kutumika katika fani mbili bila utatanishi iwapo nomino inayofuatana nalo iko wazi, na hakuna atakayechanganya ndege na maradhi.

Istilahi ya pili ni ya chombo kinachopokea dalili kutoka nje: mawimbi, mwanga au joto. Baadhi ya waandishi huandika "sensa". Neno hilo tayari lina kazi kubwa nchini, na baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 hakuna asiyelijua. Msomaji akikuta "sensa za ndege" atadhani ndege zinahesabiwa. Wengine huandika "kitambuzi", nalo linaahidi kupita kiasi, kwani kutambua ni hatua ya baadaye. "Kihisi", wingi wake "vihisi", linatosha: chombo huhisi, mengine hufuata.

Mengine hayo ni vitenzi vinne ambavyo hatuna budi kuvitenganisha: kugundua, yaani kujua kwamba kipo kitu, kufuatilia, yaani kujua kinakokwenda, kutambua, yaani kujua ni nini na ni cha nani, na kulenga, yaani kuelekeza silaha. Tofauti hizi si za kamusi tu. Katika Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, askari wetu walitumia dhidi ya ndege za Uganda makombora ya begani aina ya Strela-2, ambayo huongozwa na kihisi cha joto kinachofuata joto la injini. Katika vita hivyo hivyo, ndege za kivita za Tanzania nazo zilipigwa na walinzi wa anga wa Tanzania. Ndege hizo ziligunduliwa na zikalengwa sawasawa; hazikutambuliwa. Mfasiri wa mwongozo wa kijeshi anayetumia "kutambua" mahali pa "kugundua" anafuta katika karatasi mpaka uleule uliogharimu maisha ya watu.

Tofauti nyingine ni baina ya kihisi kitumaji na kihisi kipokeaji. Rada hutuma mawimbi, kwa hiyo ndege nyemelezi iwashapo rada yake hufanana na mwindaji awashaye kurunzi gizani: huona, lakini naye huweza kuonwa. Kihisi cha joto hupokea tu, hakijifichui.

Kwa istilahi hizi ulinganisho huwa mwepesi. F-22 ya Marekani, iliyoanza kazi mwaka 2005, ilitanguliza unyemelezi: mwangwi wake ni mdogo sana, na matundu ya kutolea moshi yalifanywa bapa, lakini ilianza kazi bila kihisi cha joto cha kutafutia ndege nyingine. F-35, iliyoanza kazi mwaka 2015, iliongeza vihisi: kamera sita za joto zimeizunguka, na kompyuta huunganisha habari za vihisi vyote kuwa picha moja mbele ya rubani. J-20 ya China, iliyoingia jeshini mwaka 2017, ina vihisi vya joto na mwanga chini ya pua, na mabawa madogo ya mbele ambayo wachambuzi hubishana juu ya mwangwi wake. Su-57 ya Urusi, ambayo ndege ya kwanza ya uzalishaji wa kawaida ilikabidhiwa jeshini mwaka 2020, ina rada za pembeni na kihisi cha joto mbele ya rubani, lakini wachambuzi wengi huona kwamba mwangwi wake ni mkubwa kuliko wa F-22. Hakuna hata moja isiyoonekana. Kila moja imechagua kiasi chake cha kunyemelea na kiasi chake cha kuhisi.

Istilahi hizi zinatolewa kama mapendekezo. Walimu wa fizikia, wafasiri na maofisa wa usafiri wa anga wanaombwa wazijaribu katika kazi zao, hasa "nyemelezi" na vile vitenzi vinne, kisha watuletee maoni yao pamoja na sentensi halisi ambamo zimefaa au zimekwama.